Kifuniko cha Hotipoti

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, mama mmoja alikuwa amepakata hotipoti kwa mikono miwili. Jirani yake, mpishi wa shule kwa sare yake, akanusa bila aibu.

"Kuku?"

"Wa kukaanga, kavikwa chenga za mkate. Nampelekea mume wangu hospitali."

"Na umemfunika angali moto! Mvuke utazilowesha hizo chenga, ufike na mkate wa kuchovya kwenye chai. Fungua, dada yangu."

"Akipoa hatanukia."

"Bora apoe, ila akauke."

Walibishana vituo viwili. Mimi, ambaye hata yai huniungulia, nilikuwa upande wa mpishi.

"Kwani mgonjwa hana meno, hata umpelekee laini?" mpishi akauliza.

"Meno anayo. Koo ndilo limeziba, analishwa kwa mpira wa tumboni."

"Sasa kuku wa nini?"

"Jana kaniandikia kwenye karatasi. Nile mimi, karibu na sikio lake, asikie chenga zinavyolia mdomoni mwangu. Na anuse."

Mpishi akatazama dirishani. Basi liliposimama mbele ya hospitali, mama alishuka mkono ukiwa juu ya kifuniko, hajaamua afungue au asifungue.