Aliyejiripoti Mwenyewe

Basi la mjini Winnipeg, Kanada, lilikuwa limejaa makoti. Mbele ya Verna, mama mwenye kofia nyekundu ya sufu alikuwa akizungumza na mwanamke aliyekaa naye, mtu asiyemjua kabisa.

"Jumanne ya wiki iliyopita nilimbana mama yangu mkono mpaka ukavilia damu. Alikataa kuoga, na mimi nilikuwa sijalala. Nikapiga simu kule wanakoripotiwa watesaji wa wazee."

"Ukamripoti nani?"

"Mimi. Waliniuliza jina la mtesaji, nikawatajia langu, herufi kwa herufi."

"Dada, una wazimu! Watamchukua mama yako."

"Labda. Alikuja mama mmoja kutoka huko, akamtazama mama yangu mkono, kisha akaniuliza mimi nimekula nini. Sikukumbuka! Sasa wameleta mtu wa kukaa naye kila Alhamisi mchana. Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Na unakwenda wapi?"

"Sijui. Nimepanda tu."

"Ningekuwa mimi ningenyamaza, shoga. Mkono hupona."

"Nilikuwa nimeanza kuzoea kuuona umevilia. Hilo ndilo lililonitisha."

Abiria wote walitazama madirisha, ingawa yalikuwa yameganda na hayakuonyesha kitu. Verna alikitazama kile kisogo chekundu. Nyumbani alikuwa amemwacha baba mkwe wake amefungwa kitini kwa shuka, asije akaanguka. Ndivyo alivyojiambia tangu Oktoba. Hakujua kwamba mtu anaweza kusema neno kama lile mbele za watu na bado akaketi wima.

Wale wawili walikuwa bado wanabishana basi liliposimama. Hakikuwa kituo cha Verna. Alishuka, akavuka barabara kwenye theluji, akasimama kungoja basi la kurudi nyumbani.