Mektrida Hakufa kwa Mafua ya Kila Mwaka

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi za kutwa. Mwenye redio na amwite jirani asiye nayo. Kila wiki mnaniletea barua za marehemu wenu, nami nawasomea. Leo sina barua ya mtu mkononi. Leo marehemu ni wangu. Jina lake Mektrida. Alikuwa mke wangu.

Mektrida alifariki mwezi wa tisa, mwaka jana, 1957. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio. Mektrida, mwezi wa tisa, miaka thelathini na minne. Kitabu cha zahanati ya kwetu kinasema alikufa kwa mafua. Neno moja tu. Neno hilo ni la uongo, nami nataka lifutwe. Kama halifutiki kitabuni, basi lifutike masikioni mwenu.

Mimi nimesoma mpaka darasa la pili. Sijui udaktari. Lakini najua nilichokiona, na najua nani alisema nini.

Tulikutana soko la Kiboriloni, mwaka 1943. Mimi nilikuwa napiga mbiu pale sokoni. Natangaza ng'ombe aliyepotea, natangaza bei ya mahindi. Siku hiyo nilipaza sauti nyuma ya msichana mwenye ndizi na mbuzi. Mbuzi akakata kamba, akakimbia.

Yule msichana hakugeuka upesi. Alipanga ndizi zake kwanza. Halafu akasema, "Kaka, umemaliza? Basi mfuate."

Nikamfuata mbuzi mpaka karibu na reli. Niliporudi naye jasho linanitoka, akanitazama. Akasema, "Maji yapo kwenye kibuyu. Ila ukiyaomba, omba polepole."

Tangu siku ile mpaka anakufa aliniita Tarumbeta. Mbele ya padre, Tarumbeta. Mbele ya mama yangu mzazi, Tarumbeta. Nilikuwa nakasirika. Sasa hakuna mtu duniani anayeniita hivyo, na mimi natafuta mtu wa kumkasirikia.

Tulijenga kwenye kihamba cha baba yangu, shamba la migomba la ukoo, mteremkoni, juu ya Kiboriloni. Kijiji sikitaji. Wenyewe wakinisikia watajijua. Mektrida alipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mbege yake ilijulikana ng'ambo ya mito miwili. Alikuwa ananusa uji wa ulezi, anafikiri kidogo, anasema, "Kesho saa nne." Kesho saa nne imeiva. Hakuwa na saa.

Na mtori wake, ile supu ya ndizi na nyama, wasikilizaji wapendwa. Nimekula mtori wa watu wengi tangu afe. Wananionea huruma, wananiletea, Mungu awabariki. Lakini wote wanasaga ndizi mpaka zinakuwa kama uji wa mtoto. Mektrida aliacha vipande. Nikimuuliza, anasema, "Mwenye meno apewe kazi."

Sasa nieleze habari ya mafua. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo walipotudanganya.

Kwetu mlimani mafua tunayajua. Kila mwaka mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka, kunakuwa na baridi, na mafua yanakuja. Anaanza mtoto mmoja. Pua inachuruzika, anakohoa, analala siku mbili. Akiamka yeye, analala mwingine. Mektrida aliwapaka siagi kifuani, akawapa supu ya moto, akawakalisha karibu na moto wa jikoni. Vikongwe wawili watatu walichukuliwa, ndiyo, wale waliokuwa wamekwisha choka. Hayo ni mafua ya kila mwaka. Yana msimu wake, na mtu wa kumpa mwenzake maji hakosekani.

Mwaka jana mafua ya baridi yalikuja yakapita. Tukafika mwezi wa nane. Jua limetoka, kahawa inaiva. Mektrida akashuka Kiboriloni na ndizi, akarudi mapema, na nusu ya ndizi bado iko kichwani.

Kulikuwa na rafiki yake pale sokoni, Mwantum, mama wa Kiislamu wa mjini, muuza vitunguu. Mwantum ndiye aliyemwambia. Maneno yake ninayo, maana Mwantum mwenyewe aliyarudia mbele yangu juzi nilipomtembelea. Alisema, "Nilimwambia, shoga yangu, hii siyo ile ya baridi. Jua linawaka na watu wanatetemeka. Mtaani kwetu tumezika vijana wanne kwa siku sita. Wazee wamekaa barazani, wazima."

Mektrida alipofika nyumbani alitua ndizi, akanieleza ya Mwantum. Halafu akaniambia jambo lake mwenyewe, alilokuwa ameliona bila kuambiwa na mtu. Jumapili iliyopita aliwauzia mbege wanaume kumi na mmoja. Walikunywa kwa kata moja, kama desturi. Kata ni kile kibuyu tunachopokezana, wewe unapiga funda unampa mwenzako. Jumatano wanaume tisa kati ya wale kumi na mmoja walikuwa kitandani.

"Mafua ya kila mwaka huingia mmoja mmoja, kama wageni," akaniambia. "Hii imeingia kama siafu. Tisa kwa siku moja, Tarumbeta. Na si pua. Wanalia miguu na mgongo. Nenda kamwambie mchili asimamishe msaragambo."

Msaragambo, kwa walioko mbali, ni kazi ya kijiji kizima. Mchili ndiye mkubwa wa mtaa, na mimi wakati huo nilikuwa mpiga mbiu wake. Barabara ya kwetu ilikuwa imekatwa na mvua, na lori la kahawa haliwezi kupanda. Wakubwa wa mchili walitaka barabara iwe tayari kabla ya mwisho wa mwezi. Wanaume kuchimba, wanawake kubeba udongo. Na Mektrida alikuwa ameagizwa kupika mbege ya kazi, mitungi mitano.

Nikaenda. Mchili alikuwa amekaa na mganga wa zahanati, yule tuliyemwita Dresa. Nikasema, "Shikamoo mzee. Mke wangu anasema homa hii ni ngeni."

Mchili akamgeukia Dresa. "Mke wa mpiga mbiu siku hizi ni daktari?"

Dresa akacheka. Akasema, "Mafua ni mafua, Thadeus. Kila mwaka mnaugua, kila mwaka mnapona. Mwaka huu yamechelewa tu."

Mchili akasema, "Umesikia? Basi katangaze hivyo hivyo. Sema ni mafua ya kila mwaka. Asiyekuja kazini atatoa mbuzi."

Wasikilizaji wapendwa, nilipanda kilimani nikapuliza pembe. Nikatangaza. Nilisema ni mafua ya kila mwaka. Nilisema kila mtu aje. Nilikuwa na sauti nzuri asubuhi ile. Mabonde mawili yalinisikia.

Niliporudi, Mektrida alikuwa anachuja mbege. Hakunyanyua kichwa. Akasema, "Nimekusikia. Hata marehemu baba yako amekusikia."

Nikamwambia, "Wewe baki nyumbani. Nitawaambia unaumwa."

Akasema, "Mbege niipeleke, mimi nisiende? Watasema nimeitia kitu. Na mke wa mpiga mbiu akikosa, nani ataamini mbiu?"

"Basi beba kikombe chako."

"Hilo nilishalifikiri," akasema.

Alikwenda na kikombe chake cha bati. Lakini kwetu kuna desturi, na desturi hii ndiyo iliyomuua, pamoja na waliotuamuru kukusanyika. Mpishi wa mbege huonja kwanza, mbele ya watu, kwa kata ile ile watakayoinywea wao. Ndivyo anavyowahakikishia kwamba hakuna sumu. Na huonja kila mtungi unapofunguliwa.

Mtungi wa kwanza, kata ilikuwa safi. Akaonja. Ikazunguka. Mtungi wa pili ulipofunguliwa akatoa kikombe chake, akasema, "Leo naonja kwa hiki. Na ninyi kila mtu angekuja na chake."

Wanaume wakaguna. Mmoja akasema, "Shemeji, tumekuwa wakoma?" Mwingine akasema, "Kikombe chake kisafi, kata yetu ndiyo yenye mambo. Mimi sinywi." Wenzake wakacheka, lakini hawakunywa. Walikuwa wamechimba tangu alfajiri. Wakanitazama mimi.

Na mimi nikasema, "Mama, onja tu."

Akanitazama kidogo. Akarudisha kikombe kwenye kikapu. Akapokea kata iliyokwisha pita midomo thelathini, akaonja. Na mtungi wa tatu, akaonja. Wa nne, akaonja. Mtungi wa tano haukufunguliwa pale. Huo ulikuwa wa mchili, ulipelekwa nyumbani kwake, akaunywa peke yake. Hakuugua. Yuko hai mpaka leo, ana afya nzuri, na barabara yake ni nzuri.

Siku ya tatu Mektrida alisema miguu inamuuma. Siku hiyo hiyo jioni mimi nikaanguka, na watoto wetu wawili. Siku ya nne hapakuwa na mtu wa kuwasha moto nyumbani kwetu, wala kwa jirani, wala kwa jirani wa jirani. Ng'ombe walilia kila kihamba, hakuna wa kuwakatia majani. Nilikuwa nimelala hatua tatu kutoka kwake. Nilimsikia anavyopumua. Nilitaka kumpa maji, miguu ikakataa.

Dada yake, Priska, alikuja siku ya tano kutoka Sanya Juu, baada ya kusikia kwamba kwetu hakutoki moshi. Priska ameniruhusu niseme maneno yake. Anasema, "Nilimkuta midomo imebadilika rangi, lakini akili anayo. Nikamwinua kichwa nimpe maji. Akaniuliza, Tarumbeta amekunywa? Nikasema bado. Akasema, mpe yeye kwanza, yule akikauka koo hana kazi nyingine."

Priska akanipa mimi kwanza. Nilikunywa. Sikujua.

Mektrida alifariki asubuhi ile, jua likiwa limeshapanda juu ya migomba. Wiki ile kijijini kwetu walikufa watu saba. Watano walikuwa hawajafika miaka arobaini.

Nilipopata nguvu ya kutembea nilikwenda zahanati. Nikamwomba Dresa anisomee alichoandika. Akasoma, "Mafua." Nikamwambia, mwandike kwamba ni homa ngeni. Akasema, "Tofauti yake ni nini, Thadeus? Zote ni za kukohoa." Nikamwambia tofauti yake ni Mektrida. Akafunga kitabu.

Tangu siku hiyo nikaacha kupiga mbiu. Nikashuka mjini. Watu wa redio ndio waliookota sauti hii, wakaniweka hapa. Na hapa redioni nimesikia wasomi wakisema kwamba homa ile ilitoka nchi za mbali mashariki, ikapanda meli, ikapanda treni. Wanasema kijidudu chake ni kipya, miili yetu haikuwa imewahi kukutana nacho. Cha kila mwaka miili inakikumbuka, ndiyo maana tunapona. Wanasema ilijulikana tangu mwezi wa tano. Mwezi wa tano! Nani alituambia? Muuza vitunguu.

Wakubwa, kama mna redio, nanyi nadhani mnazo kubwa kuliko zetu, nisikieni. Mlijua, au mlitakiwa kujua. Kahawa ilishuka. Watu saba walizikwa. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuja na jani la isale, lile tunaloshika kwetu mtu anapoomba radhi.

Mimi nilikwenda nalo. Nililishika kwa mikono miwili mpaka kwa Priska, Sanya Juu, nikapiga magoti uani kwake. Kwetu ukiletewa isale huwezi kukataa. Alilipokea. Lakini alisema, "Shemeji, mimi nimekusamehe. Ila mbiu uliipiga hadharani. Huwezi kuifuta uani kwangu."

Kwa hiyo natoa pole. Pole kwako Priska. Pole kwa wanangu, Zita na Primus, mnaonisikia kwa mama yenu mdogo. Pole Mwantum, ulimwambia ukweli. Pole kwa familia sita nyingine za kijiji chetu. Majina yenu siyataji, lakini nayajua yote, maana ni mimi niliyewaita.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, fikirini usiku wa leo. Mtu wa nyumbani kwako akikuambia ugonjwa huu haufanani na ule, usimuulize amesoma wapi. Muulize ameona nini. Na akitoa kikombe chake mbele ya watu, mwache anywe.

Sasa nasema lile nililopaswa kulisema kilimani. Mimi, Thadeus, nilitangaza kwamba yale yalikuwa mafua ya kila mwaka. Nilitangaza uongo. Ilikuwa homa ngeni. Mektrida aliijua kabla ya Dresa, kabla ya mchili, kabla yangu. Msije tena kazini. Kaeni majumbani mwenu.

Najua wa kusikia hayo wamekwisha kwenda. Nimeyasema polepole, Mama, kama ulivyopenda.