Risiti Iliyopigwa Plastiki

Fundi viatu alihama miaka mitatu iliyopita akaacha benchi lake nje ya mlango, na tangu siku hiyo hakuna aliyeona sababu ya kuliacha likae bure. Ikifika saa mbili asubuhi, kabla jua la Barranquilla halijaanza kuuma, benchi limeshajaa wataalamu. Yupo Injinia, aliyefanya kazi kampuni ya umeme kwa wiki sita, akishikilia ngazi. Yupo Daktari, aliyefagia duka la dawa mpaka duka likafungwa. Yupo Wakili, aliyepewa jina hilo kwa kushtakiwa mara mbili na kushindwa mara mbili. Kahawa ni ya Rosmira, anayesukuma kitoroli chenye chupa tatu za kahawa na ulimi mmoja unaotosha mtaa mzima. Na asubuhi hiyo alikuwepo Edilberto, amekaa ukingoni kabisa mwa benchi, kiganja amekibandika juu ya mfuko wa shati utadhani anaumwa moyo.

Moyo haukuwa mgonjwa. Mfukoni mlikuwa na risiti ya friji.

Nyumba ya tatu kutoka hapo, fundi wa kampuni alikuwa amepiga magoti mbele ya friji hiyo, na Nubia, mke wa Edilberto, amesimama nyuma yake kwa aproni. Nubia anauza barafu za mfuko, za ukwaju na za nazi, na friji ndiyo duka lake. Wiki nzima barafu zake zilikuwa zinatoka uji, huku theluji imejaa ndani ya friza mpaka mlango haufungi, na chini maziwa yanachacha. Hakuwa na wasiwasi sana, maana waranti ilikuwa bado ina siku nne, na risiti alijua iko kwenye kopo la bati pamoja na cheti cha ndoa. Haikuwa huko. Siku kumi nyuma, Edilberto aliichukua kimyakimya akaipeleka kwa wapiga chapa ikapigwe plastiki, ili unyevu usiile. Alitaka kumshangaza mkewe. Karatasi ile kumbe huandikwa kwa joto, na mashine ya plastiki ni joto tupu. Iliingia nyeupe ikatoka nyeusi tii, pembe hadi pembe, imefunikwa vizuri, inang'aa, itadumu miaka mia.

— Gesi hiyo, — Injinia alikuwa ameshakata kauli. — Gesi imechoka.

— Gesi inachokaje? — akauliza Daktari.

— Inazunguka mchana na usiku, we ungekuwa gesi usingechoka?

— Mimi nasema ni homa. Juu baridi, chini moto. Mtu akiwa na kichwa baridi na miguu inawaka, duka la dawa tulikuwa tunasema alale siku mbili.

— Mlikuwa mnasema? — Rosmira akadakia, akimimina. — Wewe ulikuwa unasema kwa ufagio?

Wakacheka. Edilberto naye alicheka, kwa kuchelewa, na wote wakamgeukia. Hakuna jambo linaloamsha kijiwe kama mtu anayecheka kwa kuchelewa.

— Edil, una nini leo? Waranti si ipo? Miaka kumi! — Injinia akampiga begani. — Imeandikwa kwenye mlango, kwa stika ya dhahabu.

— Hiyo kumi ni ya kompresa peke yake, — Wakili akasema, akivuta suruali juu kama aliyesimama mbele ya hakimu. — Vitu vingine vyote mwaka mmoja. Na taa haimo, mpira wa mlango haumo, umeme ukipanda ukashuka haumo, mende wakiingia hawamo. Nimesoma.

— Umesoma ya friji ya nani?

— Ya pasi. Lakini hawa watu huandika kitu kile kile.

— Basi ndo maana! — Injinia akaruka. — Kiwandani wanatia kidude humo ndani, kidogo kama punje ya mchele. Kinahesabu siku. Kikifika mia tatu sitini na sita, paa! Friji inajiua yenyewe.

— Leo ni siku ya mia tatu sitini na moja, na imeshakufa, — Edilberto akasema.

— Kidude kimewahi. Joto la hapa kwetu, nani asingewahi?

Edilberto alitamani kucheka tena akashindwa. Alikuwa anaona aibu, aibu ile ya mtu mzima aliyefanya jambo la kitoto kwa nia njema, na alikuwa anaogopa. Akaitoa risiti mfukoni akaiweka juu ya benchi, katikati ya vikombe.

Kijiwe kikainama.

— Nini hii? — akauliza Daktari. — Kioo cha simu?

— Risiti ya friji. Niliipiga plastiki.

Rosmira akamaliza kumimina. Kisha Injinia akaichukua, akaiinua juani, akafumba jicho moja.

— Inasomeka.

— Acha zako.

— Inasomeka, bwana! Pale, naiona. Tarehe kumi na nane.

— Lete hapa, — Wakili akainyang'anya. — Ishirini na saba. Na muhuri huu hapa, duara kabisa. Mahakamani hii inapita bila swali.

— Mahakama ipi, ile iliyokufunga? — Rosmira.

— Sikufungwa! Nilipigwa faini.

Ikafika kwa Daktari. Aliipapasa kwa kidole gumba, akaipumulia, akaifuta kwenye paja, akaweka uso wa huruma.

— Naisikia kwa kidole. Hapa kuna saba. Au mbili. Edil, ndugu yangu, usikate tamaa. Hii imeungua kwa joto, sivyo? Basi dawa yake ni baridi. Saa mbili kwenye friza, maandishi yanarudi. Niliona kwa macho yangu mtu mmoja akirudisha hati ya shamba.

— Huyo Daktari leo kanena! — Injinia akapiga kofi. — Kilicholetwa na moto kinaondolewa na barafu. Nenda katie kwenye friza sasa hivi, kabla fundi hajauliza!

Edilberto akainuka. Hakika aliinuka, alipiga hatua mbili, risiti mkononi, amejaa matumaini. Hatua ya tatu hakuipiga.

— Friza ipi? — akauliza.

Wataalamu watatu wakatazama kahawa zao.

— Kwa hiyo, — Rosmira akahesabu kwa vidole, bila haraka, — friji ipone inataka risiti, na risiti ipone inataka friji. Hongereni. Mmesoma kweli ninyi.

— Jirani hawana friza? — Wakili akajitutumua.

— Ndiko ziliko barafu za Nubia. Nikienda kuweka hii, atasikia kabla sijafunga mlango.

— Basi mkeo usimwambie, — akashauri Injinia. — Mwambie kampuni ndo wanatoa hivi siku hizi. Risiti nyeusi. Kuzuia wezi.

— Mwambie imeibwa!

— Mwambie hukuwahi kupewa. Wao wathibitishe walikupa.

Kila ushauri ulipotoka, Edilberto aliugeuza kichwani, akauona ukisimama mbele ya Nubia, ukaanguka. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na hajawahi kumdanganya akafika hata jioni bila kujulikana. Alikuwa bado amesimama, plastiki nyeusi mkononi, Nubia alipotokeza kona. Nubia hafiki pale kijiweni. Anapaita chuo kikuu, na asemapo hivyo huwa hatabasamu. Nyuma yake alikuja fundi, binti mwembamba mwenye begi la vifaa na jina Yuranis limeshonwa kifuani.

— Shikamoo shemeji, — kijiwe kikaamkia kwa pamoja, kwa adabu ya ghafla.

Nubia aliwapita kwa macho. Alimtazama mumewe.

— Friji inapona. Mwambie, dada.

— Ni kihita cha kuyeyushia theluji, — fundi akaeleza. — Kimekufa. Kikifa, theluji inajaa nyuma, inaziba tundu la hewa, ubaridi haushuki. Ninacho kimoja hapa kwenye begi. Dakika ishirini. Na waranti inakilipia, ila niione risiti, nijaze tarehe.

— Si gesi? — Injinia akauliza kwa sauti ndogo.

— Gesi imejaa tele, mzee.

— Nimepekua kopo lote, — Nubia akasema. — Cheti cha ndoa kipo. Risiti haipo. Edilberto, hicho ulichoshika nini?

Hapo ndipo angeweza kusema risiti za siku hizi ni nyeusi. Aliona Injinia akimkonyeza aseme. Alichokisema kilitoka chenyewe.

— Ni yenyewe. Niliipiga plastiki isiharibike. Ikaungua. Ni siku kumi sasa, sikuthubutu kukwambia. Nisamehe, Nubia.

Nubia aliipokea. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Akaona sura yake mwenyewe mle ndani, akajirekebisha nywele.

— Imetoka safi, — akasema. — Haiwezi kulowa hii.

— Shemeji, inasomeka! — Wakili akajitosa. — Mimi nimeona muhuri.

— Mimi nimeona tarehe, — Injinia naye.

— Mimi nimeigusa, — Daktari akamalizia.

Yuranis aliichungulia juu ya bega la Nubia, akakaza midomo ili asicheke mbele ya wazee.

— Mama, hii siwezi kuijazia. Lakini duka linaweka kumbukumbu. Baba mwenyewe aende na kitambulisho, watamtolea nyingine. Huwa wanataka na mtu mmoja wa kushuhudia kwamba friji hii ilinunuliwa kwao na ikaletwa nyumbani kwenu. Anatia sahihi tu. Nina nyumba nyingine mtaa wa pili. Nitarudi saa sita, na mkiwa na karatasi nakifunga leo leo.

Nubia akaligeukia benchi. Watatu wale ndio walioishusha friji kutoka kwenye gari, au angalau ndio waliosimama wakielekeza namna ya kuishusha, wakanywa bia sita za Edilberto kwa kazi hiyo.

— Vizuri, — akasema. — Ninyi mmeisoma, mmeigusa, mmeona na muhuri. Nani anakwenda naye?

Nzi mmoja alitembea ukingoni mwa kikombe cha Wakili, akamaliza mzunguko, akaanza wa pili.

— Mimi ningekwenda, — Injinia akaanza, — ila goti hili...

— Mimi na maofisi, mnajua wenyewe, — akasema Wakili. — Nikitia sahihi mahali, huwa nashtakiwa.

Daktari alikumbuka kwamba ana supu jikoni. Alikumbuka kwa mshtuko mkubwa, akasimama kabisa, ingawa mtaa mzima unajua kwake anapika dada yake.

— Rosmira, tuongeze kahawa, — Injinia akasema, macho chini.

— Imekwisha, — akajibu Rosmira, na chupa mbili zilikuwa bado zimejaa.

Edilberto alijiona mpweke pale katikati ya barabara kuliko alivyowahi kujiona. Hakuwakasirikia hata kidogo. Alipapasa mfuko wa nyuma, akahakikisha kitambulisho kipo, akaanza kuelekea kituo cha basi peke yake, jua limeshaanza kuuma.

— We Edilberto!

Akageuka. Nubia alikuwa anafungua aproni. Aliikunja mara mbili, akamrushia Rosmira kwenye kitoroli, akamfikia mumewe kwa hatua zake zile fupi za haraka. Akamnyoosha kola ya shati, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, na Edilberto akajikuta machozi yanamlengalenga, mzee mzima, mbele ya chuo kikuu.

— Twende, shahidi ni mimi. Huko ndani utasema jina lako na kutoa kitambulisho. Basi.

— Sawa, mke wangu.

— Na wakitoa hiyo risiti mpya, Edilberto, mikono yako iwe mfukoni. Nitaipokea mimi.