Wahubiri wa Jumamosi

Ndani ya basi la Kombewa, Mwalimu Waswa alikuwa akijisifu kwa mama aliyeketi kando yake, Ajwang, kuhusu mafunzo anayowapa vijana wa kanisa. "Wahubiri wa dini zingine wakibisha hodi, vijana wangu wanawajibu kwa mistari. Hawawezi kushindwa, Mama!"

"Najua. Mjukuu wangu Frankline alihudhuria. Wakati wa likizo aliwajibu wale wahubiri wawili waliokuwa wakija kwangu kila Jumamosi, mpaka wakaondoka na kuacha chai mezani."

"Bwana asifiwe!"

"Asifiwe. Frankline akarudi shule. Wao hawajarudi." Ajwang akatazama dirishani. "Dini yao sikuitaka, Mwalimu. Lakini walikuwa wakiniuliza nimeamkaje."

Waswa akafungua Biblia, akatafuta mstari. Alikuwa bado akipekua basi liliposimama Kisian. Ajwang akashuka, hajaulizwa hata anakaa wapi.