Maisha ya Veronicah Kalekye Mbithi, Fundi wa Injini

Wachungaji, majirani wa Waithaka, nanyi jamaa mliosafiri kutoka Mwingi na Siaya, mimi ni Mukonyo, dada mkubwa wa marehemu, familia imeniomba niwasomee maisha yake, na nikikwama naomba mnivumilie.

Kalekye alizaliwa tarehe 9 Machi 1984 huko Mwingi, kitinda mimba wa marehemu Mzee Mbithi na mama yetu mpendwa aliyeketi hapa mbele. Alisoma huko nyumbani hadi kidato cha nne mwaka wa 2002, akaja kukaa nami Waithaka, nikamtafutia nafasi ya kusomea ushonaji, lakini akaenda mwenyewe akajiandikisha ufundi wa magari, na nilipomwambia kwamba nguo zake zitanuka oili maisha yake yote, alinijibu, "Dada, kwani sabuni imeisha dukani?"

Mwaka wa 2005 aliajiriwa katika gereji moja ya Kileleshwa, kazi yake hasa ikiwa kufunga hedi, yaani vifuniko vya juu vya injini, na wenzake walio hapa wanajua jinsi alivyokuwa akikausha kila tundu la bolti, kwa sababu oili ikibaki chini hupasua bloku, yaani mwili wa injini, kisha akapaka bolti oili kidogo kwenye meno na chini ya kichwa, akakaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, hadi spana ya kipimo ilie kuonyesha kwamba imekaza vya kutosha.

Tarehe 15 Desemba 2007 alifunga ndoa na Lenox Okinyi, dereva wa familia moja ya Spring Valley, aliyekuwa akileta gari gereji hata lisipokuwa na shida, na Mungu akawajalia Yvonne na Kimanzi.

Februari 2023 alipatikana na saratani ya matiti, akafanyiwa upasuaji, akarudi kazini, lakini mwaka huu ugonjwa ukarejea, mkono wa kulia ukavimba hata kikombe kikamshinda. Mwezi wa Agosti gari lao, ambalo lilikuwa likimpeleka hospitali, likaunguza gasketi iliyo chini ya hedi, naye akaketi uani kwenye kiti, akasema Lenox atalitengeneza, yeye atamwelekeza. Nilikuwepo. Walikuwa wamefika kwenye bolti za mwisho, spana ikalia, lakini Lenox akaendelea kuvuta, ameuma meno, machozi yakimtoka, ndipo Kalekye akamwambia polepole, "Baba Yvonne, imelia, achilia sasa, hiyo bolti haijakukosea." Lenox akaiweka spana chini, akalaza kichwa magotini pake, wakakaa hivyo mpaka chai niliyowaletea ikapoa. Baadaye Lenox aliitoa bolti ile iliyokazwa kupita kiasi, akatia mpya, na gari likawaka.

Hamu yake kubwa ilikuwa kumwona Yvonne akimaliza mtihani wa kidato cha nne, akamwomba daktari waziwazi amfikishe Novemba, lakini Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, alfajiri, alituacha, Lenox akiwa ameushika ule mkono uliovimba. Yvonne, mwanangu, mtihani utaufanya, na siku ya mwisho nitakuwa langoni nikikungoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa gereji waliofunga kazi waje, na majirani ambao hawajaacha jiko letu lizime tangu siku hiyo.

Kalekye, kitinda mimba wetu, kwako uchungu umekwisha, kwetu ndio umeanza. Pumzika kwa amani, mdogo wangu, pumzika.