Mama Elihuruma Akyoo, Aliyefundisha Mameneja Kukosolewa

Wazee wetu, shikamooni. Wachungaji, majirani wa Akeri, na ninyi mliopanda kutoka Lemara na Kwa Mrombo, familia inawashukuru kwa kuja kutusindikizia mama yetu. Kabla hatujamlaza, tuwaeleze kidogo alikuwa nani.

Marehemu Elihuruma Philemoni Akyoo alizaliwa tarehe 17 Aprili 1947 katika kijiji cha Poli, Meru, akiwa mtoto wa tano wa mzee Ndewario Nnko na mama Anasi. Masika yalikuwa yameshika, mto umejaa, mkunga akakwama ng'ambo. Alipofika alimkuta mtoto ameshaogeshwa. Bibi Anasi alizoea kusema kwamba huyu hakumsubiri mtu kuja duniani, na ukubwani pia hakupenda kusubirishwa.

Alisoma palepale Meru, akamaliza darasa la nane mwaka 1963, wa pili katika darasa lake. Ada iliyokuwepo nyumbani ilikuwa ya mtoto mmoja, na kaka yake alikuwa mbele, basi yeye akarudi kwenye kahawa. Hakuwahi kulisimulia jambo hilo kwa uchungu. Mwaka 1985, akiwa mama wa watoto watatu, alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi. Siku ya Jiografia binti wa jirani aliyekaa mbele yake aliposimama kumpa shikamoo na kumpisha dawati, marehemu alimwambia, "Kaa, mwanangu. Humu ndani sote ni namba." Akafaulu kwa daraja la pili.

Kazi alianza mwaka 1966, kusafisha vyumba katika hoteli moja ya mjini Arusha. Huko ndiko alikompata mume. Bwana Philemoni Akyoo, fundi seremala, aliitwa kurekebisha mlango wa chumba namba saba uliokuwa umelegea bawaba moja. Bawaba hiyo moja ilimchukua siku nne. Siku ya nne marehemu akamwuliza, "Fundi, wewe unatengeneza mlango au unatafuta mtu?" Fundi akajibu kwamba mlango alishamaliza juzi. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1969 katika usharika wa Akeri, na Mungu akawajalia Evelyn, Anande na Bariki.

Mwaka 1979 marehemu alifanywa mkuu wa vyumba vyote vya hoteli ile. Alikuwa akiingia chumbani mgeni akishaondoka, anaangalia taulo lilivyoachwa, anakuambia kama mgeni yule atarudi au harudi. Mara chache sana alikosea.

Ilipofika mwaka 1991, mali za umma zikianza kuachiwa wenye mitaji, hoteli yao nayo ikakodishwa. Akaletwa meneja kutoka nje, kijana wa miaka ishirini na sita. Kwa miezi mitatu marehemu alimwonyesha kila kitu kilipo, na mwezi wa nne kijana akaanza kumwelekeza yeye. Marehemu hakununa. Alimwendea ofisini akamwuliza kwa adabu yeye ana nini ambacho wenyeji hawana. Kijana hakuwa na kiburi. Akafungua droo, akamtolea cheti chake cha stashahada ya juu ya uongozi wa hoteli. Marehemu akakisoma mbele, akakigeuza nyuma, akamrudishia.

Nyumbani akamwambia mumewe, "Baba Evelyn, nimekiona hicho kitu. Ni karatasi, ila nyuma ya karatasi kuna masomo. Nayataka hayo masomo."

"Na sisi huku tutakula nini?"

"Mtakula mtakachopika."

Akaenda Nairobi miaka miwili, 1992 hadi 1994, akiwa na miaka arobaini na mitano, amekaa darasani na watoto wa umri wa Evelyn. Alijifunza kupanga zamu, kukadiria gharama za jiko, kutafuta wageni miezi isiyo na wageni, sheria za kazi, na namna ya kumwongoza mtu bila kumvunja. Huku nyumbani mzee Philemoni alipika. Anande husema ugali wa miaka ile ulihitaji kupigwa randa kwanza.

Aliporudi, hoteli ilimtaka arudi kwenye vyumba kwa mshahara mkubwa zaidi. Akakataa. Alikuwa amekwisha kuona kwamba hoteli na kambi za watalii zinaota kila upande, kutoka Usa River hadi Karatu, na kila moja inaagiza meneja kwa ndege kana kwamba Arusha hakuna watu. Mfanyabiashara Bwana Nizar akamwachia ghorofa ya juu ya duka lake kule Lemara, na Julai 1995 likafunguliwa darasa la kwanza la stashahada ya juu: wanafunzi tisa, wote walioshamaliza mafunzo ya awali ya hoteli na kufanya kazi. Kuwafundisha kubeba sinia halikuwa lengo lake. Alitaka wajue kuamua.

Hapo ndipo ilipokuwa vita yake. Darasa lingekuwa na maana gani kama wangesoma miaka miwili kisha warudi kubeba mizigo ya wageni? Marehemu akaenda kwa Bwana Hans, Mchaga wa Machame aliyekuwa ameishi Ulaya miaka mingi na sasa alikuwa mkurugenzi wa kampuni iliyokuwa ikifungua hoteli tatu. Bwana Hans akamsikiliza hadi mwisho.

"Mama, mimi ni mtu wa hapa hapa," akasema. "Watu wetu nawajua. Wakarimu, wacheshi, wachapakazi. Lakini hatujui kukosolewa. Ukimkosoa mtu ananuna wiki nzima."

"Njoo uwaone wakifanya kazi. Wakiweza, uwachukue kama mameneja wasaidizi. Wakishindwa, nalifunga darasa, na wazazi wao nitawaambia mwenyewe."

Wakakubaliana. Tarehe 17 Mei 1997 akakodi nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili kule Tengeru, wanafunzi waiendeshe siku nzima. Wageni aliowaalika ni wazazi wa wanafunzi. Lilikuwa kosa, na yeye mwenyewe alilisimulia darasani kila mwaka ili wengine wasilirudie. Wazazi walisifu kila kitu. Supu imepoa, wanasema Mungu awabariki. Chumba hakijafagiwa chini ya kitanda, wanasema pazuri mno. Baba wa mwanafunzi mmoja, Nalepo, mzee wa Kimasai kutoka Kisongo, alimtemea binti yake mate ya baraka katikati ya ukumbi wa chakula, na mama wawili wakaingia jikoni kusaidia kuosha vyombo. Mzee Philemoni naye aliletewa nyama mbichi katikati, akaila yote kimya.

"Sasa kwa nini hukusema?" marehemu akamwuliza njiani.

"Ningesemaje, mke wangu? Mtoto wa watu amesimama ananitazama."

Bwana Hans alivaa koti lake, akamwambia marehemu maneno mafupi: "Mama, hapa sijaona hoteli. Nimeona harusi." Ila akampa nafasi moja zaidi, mwezi unaofuata.

Wiki ile marehemu hakula vizuri. Siku moja alikuwa Kwa Mrombo sokoni, akamwona Aika, muuza maharage, amemwaga chini gunia zima la jumla ili aone walichokificha kitakoni mwa gunia. Mwenye gunia analalamika, Aika anaendelea kuchambua. Marehemu akasimama pale hadi akamaliza.

"Aika, nataka uje hotelini siku nzima. Ule, uoge, upumzike. Ukiona kibaya, useme."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti yako hiyo hiyo."

"Mama Evelyn wee! Hiyo kazi naifanya bure miaka yote, leo naitiwa chai?"

Tarehe 14 Juni 1997 Aika alifika Tengeru na wenzake kumi na mmoja wa sokoni, wamevaa vitenge vya sikukuu. Meneja wa zamu alikuwa Nalepo. Bwana Hans alikaa pembeni na daftari. Marehemu alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba siku ile yeye hayupo, hata wakimwona.

Haikufika saa nne. Mlango wa chumba ukafunguliwa, Aika akatokea amejifunga khanga na sabuni bado iko mabegani.

"Meneja yuko wapi hapa?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba. Wewe? Nenda kaniitie mkubwa wako."

"Mkubwa wa leo ni mimi, mama."

"Haya mkubwa, maji yenu ni ya mto Nduruma au ni ya kuoga? Mmenialika nife kwa nimonia?"

Wenzake wakaangua kicheko ndani ya vyumba, na wengine wakaanza kupiga kelele kwamba hata kwao ni barafu. Nalepo akamtupia jicho mwalimu wake. Marehemu alisema baadaye kwamba alitamani kusema neno moja tu, moja. Akageuza uso, akatazama kahawa ya jirani kama mtu anayetaka kuinunua.

Nalepo hakuomba radhi mara kumi wala hakumtaja mpasha maji, aliyekuwa ameondoka na ufunguo wa stoo ya kuni. Alisema, "Ni kweli, mama. Nipe robo saa." Akaingia jikoni, akaagiza masufuria yote ya maji yaliyokuwa yakichemka kwa ajili ya chakula yapelekwe vyumbani kwa ndoo. Mpishi akaja juu kwamba chakula kitachelewa. "Kitachelewa dakika ishirini," Nalepo akasema, "na nitakwenda kuwaambia mimi." Akapita chumba kwa chumba, akawaambia kabla hawajauliza. Bwana Hans akaandika kitu.

Chakula kilipofika Aika alikuwa bado na hesabu zake.

"Umesema ishirini. Nimehesabu ishirini na tano."

"Ni ishirini na tano, mama. Hizo tano zilizozidi ni kosa langu, jikoni hawamo."

Aika akasogeza sahani. "Haya, niongezee mchuzi. Mchuzi huu hauna kosa."

Bwana Hans aliwachukua sita kati ya tisa. Barua zilipokuja zimeandikwa "wasimamizi wa zamu", marehemu alizirudisha zote kwa mkono wake. "Tulisema mameneja wasaidizi, Bwana Hans." Zikaandikwa upya. Na wale watatu walioshindwa, alikwenda kwa wazazi wao nyumba kwa nyumba, kama alivyoahidi, akawaeleza walipokosea, na wakarudia mwaka. Wote watatu leo ni viongozi katika kazi hii. Tangu hapo darasa lile limetoa wahitimu themanini na wanne, na akina mama wa Kwa Mrombo hawajakosa mtihani hata mmoja.

Mwaka 2001 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa kisukari, na mwaka 2004 figo zikaanza kudhoofu. Aliendelea kufundisha akiwa amekaa. Mwezi wa Julai mwaka huu alilazwa hospitali ya rufaa, Moshi. Nalepo, ambaye sasa ni meneja mkuu wa hoteli, alikwenda kumwona, akamwambia kwamba chuo kinafikiria kuahirisha mtihani wa vitendo hadi apone.

Marehemu akamwuliza, "Mgeni akifika hotelini, meneja ana msiba, mgeni anakula au hali?"

"Anakula, mama."

"Basi utausimamia wewe."

Alilala usingizi wa mwisho tarehe 19 Agosti 2005, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mzee Philemoni Akyoo; watoto watatu, Evelyn, Anande na Bariki; wakwe wawili; wajukuu watano, akiwemo Princess aliyeishi naye Lemara; kaka mmoja na dada wawili. Ameacha pia wanafunzi kumi na saba wa mwaka wa pili, ambao wako hapa leo. Kwenu ninyi familia imeagizwa iseme hivi: mtihani ni tarehe 10 Septemba, Tengeru, saa mbili kamili asubuhi, na wageni wameshaalikwa.

Bwana ametoa, na Bwana ametwaa. Mama Elihuruma, umefanya kazi yako. Lala kwa amani katika udongo wa Akeri.