Mafundo ya Baba Bimdogo

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Bwana Abdulrazaki Alfani, fundi sanifu maabara wa Shule ya Sekondari Mnalunga, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Kamati ya sherehe ya kumuaga ilinipa ukurasa huu niandike habari zake, nami nikaupokea haraka haraka nikidhani namfahamu. Jamani! Hadi wiki mbili zilizopita sikuwa namfahamu hata chembe.

Baba Bimdogo, kama tunavyomwita wote kwa jina la binti yake mkubwa, ni mzaliwa wa Mkunya. Aliingia maabara yetu mwaka 1992, ikiwa na meza mbili na jiko moja la mafuta ya taa. Tangu mwanzo alikuwa na mtindo wake: anachanganya kemikali, anainua chupa juu, kisha anawauliza wanafunzi, "Mnaona nini?" Yeye mwenyewe hasemi. Wakaguzi wakija wanamsifu kwamba hiyo ndiyo mbinu shirikishi yenyewe, na sisi walimu wa kutoka mikoa mingine tunaambiwa tuige.

Kwa kuwa aliwauliza, nao wakaanza kumuuliza. Ndivyo ilivyozaliwa Saa ya Kwa Nini, kila Alhamisi baada ya vipindi. Kwa nini bomba hukohoa kabla ya kutoa maji? Kwa sababu maji yanayosukumwa kutoka bondeni mpaka huku juu lazima kwanza yaifukuze hewa iliyojaa njiani. Kwa nini ganda la korosho mbichi hubabua midomo? Aliwaonyesha mafuta yake, na waliokuwa na vidonda midomoni wakatazama chini.

Siku waliyouliza kwa nini vidole hukunjamana vikikaa majini, alimwita mpishi wetu Rajabu, aliyewahi kukatwa na panga mshipa wa fahamu wa kidole cha shahada. Rajabu akatumbukiza mkono kwenye beseni la maji ya vuguvugu nusu saa. Alipoutoa, vidole vinne vilikuwa vimekunjamana kama vya kikongwe. Cha shahada laini vile vile! Darasa zima likapiga yowe, na mimi nikiwemo. Kumbe si maji yanayolowesha ngozi tu, ni mishipa ya fahamu inayoamuru ngozi ijikunje, na amri isipofika kidole hakina habari.

Sasa nifike kwenye langu, maana nisipolisema hapa nitalibeba mpaka kaburini.

Nilipohamia hapa kutoka Bukoba mwaka 2009, nilikuta vichupa vingi vya maabara vimefungwa uzi wa katani wenye mafundo. Kingine fundo moja, kingine mawili, kingine matatu. Nikasema moyoni, Justina, umekwisha, hili ni zindiko. Nikavumilia miaka miwili. Siku moja nikashika mkasi, nikakata nyuzi tatu za vichupa vya kudondoshea, vile ambavyo lebo zake hazidumu. Kesho yake, katika jaribio la Kidato cha Nne, Baba Bimdogo akanipa kichupa cha dawa ya kijani badala ya nyekundu, jaribio likaharibika lote. Loo! Kwangu ule ukawa ushahidi kamili: nimekata zindiko, limenirudi.

Nikamwandikia Mkuu wa Shule barua ya siri. Kikao kikaitwa. Baba Bimdogo alipoulizwa habari za nyuzi alijibu kwamba ni kumbukumbu zake tu. Akatolewa maabara, akapelekwa kutunza stoo ya majembe muhula mzima. Kilichomrudisha ni wanafunzi, waliowaletea walimu maswali arobaini na moja wakitaka yajibiwe. Tulikwama swali la kwanza, la kwa nini miayo huambukiza.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Wiki mbili zilizopita alikuwa anamkabidhi maabara fundi mpya, Bi. Loyce. Binti huyu alishika uzi akauliza bila woga wowote ni wa nini, swali ambalo mimi sikumuuliza kwa miaka kumi na sita. Mzee akacheka, akasema fundo moja ni nyekundu, mawili kijani, matatu kahawia, kwa sababu macho yake hayajawahi kutofautisha rangi hizo tangu alipokuwa akichekwa utotoni kwa kuchuma mabibo mabichi akidhani yameiva. Lebo humwambia jina, fundo humwambia rangi. Na kufunga mafundo ya kumbukumbu alifundishwa na babu yake, aliyehesabu hivyo siku za safari.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Ile "Mnaona nini?" iliyosifiwa miaka yote haikuwa mbinu, mzee alikuwa anauliza kweli! Nikamuuliza kwa nini hakukieleza kikao. Akasema, "Fundi wa maabara asiyeijua nyekundu, mwalimu, mngemwacha kazini?" Kisha akaniambia, kwa upole ule ule, kwamba nyuzi zake tatu aliziokota kwenye kapu langu la taka siku ile ile. Alijua. Miaka kumi na minne nimempa shikamoo kila asubuhi, naye akaniitikia, "Marahaba, mwanangu, leo una swali gani?"

Baba Bimdogo, mbele ya wafanyakazi wote, nisamehe. Barua ile niliandika mimi. Ningeuliza swali moja tu, usingelala na hofu ya kazi yako wala kuhesabu majembe.

Asante kwa kila Alhamisi. Nenda Mkunya ukapumzike, Mungu akupe afya na wajukuu wasumbufu wa maswali. Zawadi yetu ni koti. Usimuulize mtu rangi yake. Papasa ndani ya kola, nimekufungia mafundo mawili.

Mwalimu Justina, Idara ya Kemia